Leo Utashona Nini, Shangazi?

14 Januari

Mdogo wangu,

Natumai barua hii inakukuta mzima. Sisi huku wazima, ila bati la chumba cha cherehani limeanza kuvuja palepale ulipopaziba wewe mwaka juzi, kwa hiyo usije ukajisifu huko kambini kwamba wewe ni fundi. Kinyozi wa mlango wa pili anakusalimu. Anasema tangu uondoke hana wa kubishana naye, amebaki kubishana na wateja, na wateja wanaanza kumkimbia. Mimi mwaka nimeufungua kwa mashati ya shule, mashati juu ya mashati, mpaka nikifumba macho naona kola.

Dereva wa lori la saruji ameniambia daraja lenu limeshafika katikati ya mto, na kwamba simu huko bondeni bado hazishiki hata mtu akipanda juu ya mizigo. Basi tuendelee na kalamu, hatuna ujanja.

Sasa kubwa ni la mwanao. Chiriku ameanza darasa la kwanza Jumatatu iliyopita. Sare nimemshonea mwenyewe, sketi nimeiwekea pindo la vidole vinne ili imfikishe darasa la tatu. Njia nzima alikuwa anaongea, unamjua, jina hatukumpa bure. Tulipofika getini akanyamaza ghafla, akalishika gauni langu kwa mikono miwili. Mwalimu wake, mama mmoja mtaratibu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alipokuja kumpokea, mtoto aliangua kilio mpaka mlinzi akatoka kwenye kibanda chake kuangalia nani kaumia.

Ikabidi niingie naye. Nimekaa darasani siku nne nzima, nyuma kabisa, kwenye kiti kinachonifika kwenye ugoko, nikisoma irabu na umri wangu huu. Siku ya tano nikafanya kama tulivyofanyiwa sisi sote utotoni. Nikangoja ameshughulika na kalamu za rangi, nikaondoka kwa kunyata. Mwalimu anasema alilia mpaka akatapika.

Kuna kitu sikielewi. Kila asubuhi nikianza kutafuta viatu vyangu ananiuliza, "Shangazi, unakwenda dukani?" Nikimwambia hapana, nakwenda kwenye cherehani, ananitazama kama askari anayekagua kitambulisho. Hili la duka limetoka wapi? Wewe unalijua?

Dada yako.

2 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Barua yako imenifikia ikiwa na vumbi la saruji mpaka ndani ya bahasha, lakini imenifurahisha. Mimi mzima. Mpishi wetu wa kambi bado yuleyule anayeweza kuunguza hata maji, ila tumeshamzoea, naye ametuzoea. Kazi inakwenda. Sasa nachomelea viungio vya nguzo ya nne, nimefungwa kamba kiunoni kama mbuzi wa kupelekwa sokoni, chini yangu maji yanapita kwa kasi. Mwanzoni nilikuwa sitazami chini. Siku hizi natazama, ila sikai kutazama.

Kuhusu bati, aliyelitoboa ni paka wa kinyozi. Mwulize.

Kuhusu Chiriku, dada, nakuomba usimdekeze. Watoto wote hulia siku za mwanzo. Hata mimi nililia, ukanifinya, nikanyamaza. Jikaze wiki mbili hizi, atazoea. Dereva atakupa viatu vyeusi vyenye kamba, mwambie vimetoka kwa baba. Nadhani akiona ana viatu vipya kuliko wenzake atapenda kwenda.

Hilo la duka achana nalo, watoto wana maneno mengi.

Wako, mdogo wako.

19 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Tuko salama, na neno hilo leo siliandiki kwa mazoea.

Viatu vimefika, vimemtosha. Alilala navyo usiku wa kwanza. Lakini Jumatano mwanao alitoroka shule. Nilikuwa nimemwacha getini kwa ujanja uleule, mlinzi anamchekesha kwa kofia yake, mimi nikapiga kona. Saa nne mwalimu alikuja mbio kwangu, miwani mkononi, akiniuliza kama mtoto yuko hapa. Cherehani niliiacha inazunguka. Kinyozi alimwacha mteja na nusu ya nywele, tukagawana mitaa.

Nilimkuta mimi. Alikuwa amevuka barabara kubwa peke yake, ile yenye malori, na alikuwa amesimama ndani ya duka la vyakula, viatu vyako vimejaa tope, anachungulia nyuma ya magunia. Mwenye duka akaniambia, "Huyu mtoto ameniuliza mara tatu kama shangazi yake yuko humu ndani." Nilimkumbatia, nikamchapa kofi la mguu, kisha nikamkumbatia tena. Sijivunii lile kofi.

Kwa nini dukani? Mimi nashona, kila siku nashona, na pale napajua kwa kupita tu. Mwalimu mkuu ameniita. Amesema kwa upole, lakini amesema: mtoto asipotulia mpaka mwisho wa muhula, atarudi nyumbani akae mwaka mzima, kwa sababu shule haiwezi kumlinda mtoto anayekimbilia barabarani. Ana haki. Mimi nilikuwa namtetea huku moyoni namkubalia.

Mwalimu wake aliniuliza swali moja, nami nakupa wewe kama nilivyopewa. Yuko mtu wa karibu aliyeondoka nyumbani bila huyu mtoto kumwona akiondoka?

Nikamwambia baba yake yuko mbali kikazi, ila aliaga. Niambie, mdogo wangu. Siku ile ulimwambia nini?

Dada yako.

10 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Utanisamehe kwa kuchelewa. Lori lilikwama kwenye tope siku sita, na dereva akala mkate wetu wote njiani akidai ni wa kujiokoa. Mimi mzima, kikohozi kidogo tu kwa sababu ya moshi wa kuchomelea. Mvua imeanza mapema, mto umepanda mpaka kwenye alama nyekundu, tukakaa siku tatu bila kazi. Wenzangu walicheza karata. Mimi nilishona soksi, na ungeziona ungecheka wiki nzima.

Habari za Chiriku kuvuka barabara zimenikosesha raha. Msalimie kinyozi, mwambie nimemshukuru kwa dhati. Nimefikiri sana. Naona heri umtoe shule kwa sasa. Ana miaka sita tu. Nitakapokuja likizo mwezi wa nane tutazungumza vizuri, na mwakani nikiwepo nitampeleka mimi mwenyewe. Huko nyumbani atakuwa na wewe, atacheza na vitambaa, hatakuwa na hofu.

Mvua huko inanyesha? Bati linavuja bado?

Wako, mdogo wako.

17 Machi

Bwana Kesho,

Hili jina nilikupa ukiwa na miaka tisa, kwa sababu kila kazi ulisema utaifanya kesho. Nilidhani limekutoka.

Barua yako ina kurasa mbili. Nimesoma habari za mto, za lori, za karata na za soksi. Swali langu halimo. Umejitia hamnazo, na mimi ndiye niliyekulea, najua ukijitia hamnazo unakuwaje.

Simtoi shule. Nikimtoa atakuwa amejifunza jambo moja tu, kwamba akiogopa dunia inafungwa. Nimebakiwa na mwezi mmoja na siku chache.

Nikukumbushe kitu. Siku uliyoondoka mimi nilikuwa nimekwenda kupeleka magauni ya harusi kwa mteja. Niliporudi jioni nilimkuta Chiriku mezani, vikombe viwili vya chai mbele yake, vyote vimejaa, vyote vimepoa. Nikadhani mmeagana na chai ikawashinda. Tangu siku ile mtoto huyu hanywi chai ya jioni. Nikimpa anaiweka mbele yake, anaifunika kwa kisahani, anakaa. Asubuhi anakunywa vizuri, jioni hapana. Nimekuwa nikisema haipendi. Mwaka sasa unakaribia nikisema haipendi, na mimi mwenyewe nilikuwa naona kile kisahani.

Nijibu.

31 Machi

Dada,

Shikamoo. Leo sina habari za kambi.

Siku ile niliyoondoka, begi langu nililipeleka kwa kinyozi tangu asubuhi, Chiriku akiwa bado amelala. Nilimwomba kinyozi asiseme kitu, na nisamehe kwa kumweka katikati. Niliichagua siku ile kwa sababu ulikuwa na magauni ya kupeleka. Nilijua ungenilazimisha nimuage mtoto, na mimi nilikuwa siwezi. Alipozikwa mama yake nilimbeba begani siku nzima, akawa ananipapasa uso kuona kama nalia. Nilijua nikimwambia naondoka atanipapasa tena hivyohivyo, na safari ingeishia mlangoni. Kazi nyingine sikuwa nayo.

Kwa hiyo saa kumi nilichemsha chai. Akataka biskuti. Nikamwambia, "Ngoja nikalete dukani. Usinywe mpaka nirudi." Akasema sawa. Akachukua kisahani akafunika kikombe changu kisipoe. Nikatoka, nikachukua begi, nikapanda basi.

Ndivyo ilivyokuwa. Nimekuandikia habari za mto na soksi kwa sababu nilikuwa naona haya. Uliponiandikia kwamba ulimkuta dukani, nilishuka kwenye nguzo kabla ya zamu kwisha, nikamwambia msimamizi naumwa tumbo.

Ndani ya bahasha kuna karatasi nyingine ya kwake. Msomee kama ilivyo, usinipambe.

*

Chiriku wangu,

Huyu ni baba. Siku ile sikwenda dukani. Nilikuwa naondoka kwenda kazini, mbali, na nilijua kwamba sitarudi jioni. Nilikudanganya kwa sababu niliogopa utalia na mimi nitalia. Hukufanya kosa lolote. Wewe ulinisubiri vizuri, mimi ndiye sikurudi.

Ile chai kunywa. Usinisubirie tena. Nitakuja mwezi wa nane, nitakaa siku kumi, kisha nitaondoka tena, na nikiondoka nitakuaga ukiwa macho unaniona.

Shangazi yako akisema anakuja kukuchukua, anakuja. Yeye hafanyi nilivyofanya mimi.

Kwaheri, mwanangu. Hii ndiyo kwaheri ya siku ile.

19 Aprili

Mdogo wangu,

Nimeipokea barua yako na nimekaa nayo siku nzima kabla ya kumsomea. Siku ya kwanza nilikuwa na hasira, ningekuwa na wewe karibu ningekufinya tena. Kinyozi alikuja kuniomba radhi mwenyewe, amekaa kwenye marundo ya mashati anatazama vidole vyake. Siku ya pili hasira ikanitoka, na nitakwambia sababu.

Nilimsomea mezani, saa kumi, na chai. Nilisoma polepole. Hakulia. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniambia nirudie pale uliposema alisubiri vizuri. Nikarudia. Akakifunika kikombe chake kwa kisahani, akaniuliza, "Na mama naye alikwenda dukani?"

Mdogo wangu, mimi ndiye niliyemwambia mama yake amesafiri. Wewe ulikuwa hujiwezi siku aliyofariki, kabla ya mazishi, watu wamejaa uani, mtoto ana miaka mitatu anamtafuta mama chumba kwa chumba. Nikampakata nikamwambia mama amesafiri, atarudi. Nikaona nimemsaidia. Sikukwambia, na nimekuandikia barua zote hizi za kukukoromea kana kwamba mimi nilikuwa msafi. Mtoto huyu amesubiri watu wawili, na mmoja nilimsubirisha mimi.

Nikamwambia ukweli. Nikamwambia mama yake aliugua sana, akafa, na aliyekufa harudi, hata akitupenda vipi. Nikamwambia shangazi alikosea kusema vile. Hapo ndipo alipolia, nami nikalia naye, sikujificha. Alipotulia akaniuliza, "Na wewe utakufa?" Nikasema siku moja, ndiyo, kama watu wote, lakini kesho nina mashati sita ya kushona, sina nafasi. Akafikiri. Akasema, "Kesho utashona nini kwanza?" Nikasema shati la mtoto wa kinyozi, lenye vifungo vitano. Akaondoa kisahani, akanywa chai, imepoa hivyohivyo.

Asubuhi tulipofika getini sikunyata. Mwalimu wake alishaniambia tangu mwanzo kwamba kuaga kuwe wazi na kuwe kufupi, ila sikumsikiliza. Nikachuchumaa, nikamwambia, "Sasa mimi nakwenda. Nashona lile shati. Kengele ya kutoka ikilia nitakuwa hapa, na shati mkononi." Alilia, lakini alilia akiwa amesimama. Saa sita nilikuwa pale na shati. Alilichukua akahesabu vifungo kimoja kimoja, mbele ya mlinzi na wazazi wote, kisha akanirudishia.

Tangu hapo ndivyo tunavyofanya. Kila asubuhi, "Leo utashona nini, Shangazi?" Namwambia, na mchana namwonyesha. Siku moja sindano ya cherehani ilivunjika, nikaenda na sketi nusu. Niliogopa kweli, mtu mzima mimi. Nikamwambia sindano imevunjika, na sindano yenyewe nikamwonyesha. Akaigeuzageuza sketi, akasema, "Basi utaimalizia kesho."

Mwalimu mkuu ametuongeza muhula mmoja. Jana aliniuliza siri ni nini, nikamwambia vifungo.

Mwezi wa nane ukisema mwezi wa nane, uje mwezi wa nane.

Dada yako.

24 Agosti

Dada yangu,

Shikamoo. Nimefika salama, mgongo unauma kwa ajili ya lori, na mpishi amenipokea kwa chakula kilichoungua, kwa hiyo nimejua niko kambini.

Kuna jambo ambalo sikukwambia nilipokuwa huko, na nimekata shauri kwamba sasa nitakuwa nakwambia. Dereva aliniuliza tuondoke saa ngapi siku ile, nami nikamwambia saa nne. Saa nne Chiriku yuko darasani. Nilipanga kumpeleka shule kama siku zote za shule zilizotangulia, nimbusu, nimwambie tutaonana, halafu niende zangu. Usiku nilijiambia si uongo, kwa kuwa tutaonana kweli siku moja. Wewe uliniona nafunga begi mapema, ukaliweka palepale sebuleni, katikati ya njia, ukaenda kulala. Nilikuelewa.

Asubuhi yeye ndiye aliyeliona. Alilizunguka mara moja, akavaa viatu. Njiani alikuwa anaongea, kama ulivyosema, habari za mtoto fulani anayekula chaki. Tulipofika getini nilichuchumaa kama ulivyonielekeza. Niliogopa kuliko siku ya kwanza juu ya nguzo. Nikasema, "Chiriku, leo baba anaondoka. Ukitoka shule hutanikuta. Nitarudi baada ya mvua za vuli, mwezi wa kumi na mbili." Akalia. Akanipapasa uso, na safari hii aliyakuta machozi. Sikumkimbia, dada. Nilikaa pale.

Halafu akaniuliza, "Utachomelea nini?" Sikuwa nimejiandaa. Nikamwambia ukingo wa daraja, upande wa kushoto, ule ambao watu watashika wakiwa wanavuka. Akauliza una vyuma vingapi. Nikasema arobaini. Akasema ni vingi. Kengele ikalia, akajifuta pua kwa mkono wa shati ulilomshonea wewe, akaniambia, "Sasa nenda, baba, nachelewa."

Nilipofika kwenye kona niligeuka nyuma. Alikuwa ameshaingia. Mlinzi aliniona nimesimama pale, akanipungia kofia.

Nimeambiwa nenda mara nyingi maishani, na wasimamizi, na wenye nyumba. Sikuwahi kuambiwa na mtu anayetaka nirudi.

Wako, mdogo wako.

20 Septemba

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi wazima. Bati ulilolitengeneza halivuji, nimeshangaa na nimekubali. Kinyozi amerudiwa na wateja wake na sasa anasingizia kwamba ni kwa sababu ya uzuri wa mikasi.

Mwanao ametulia. Tangu wiki mbili zilizopita hahesabu tena vifungo. Ananiuliza nitashona nini, namwambia, na mchana anatoka na wenzake wakisukumana, anasahau kuniuliza. Jumatatu nilisimama pale na gauni mkononi, hata hakulitazama. Nilirudi nalo nyumbani nikiwa nimefurahi na nimenuna kwa wakati mmoja.

Jana alikuja na karatasi kutoka darasani. Mwalimu aliwaambia kila mmoja aandike kitu chake mwenyewe, bila kunakili ubaoni. Wengine wameandika majina yao, wengine paka. Nilitaka kumsahihisha herufi mbili zilizogeuka, akaninyang'anya karatasi, akasema si yangu. Nakutumia kama ilivyo. Amesema nikuambie anataka jibu, na jibu liandikwe kwa herufi kubwa ili alisome mwenyewe.

BABA. UMEFIKA CHUMA CHA NGAPI?

Mjibu yeye. Mimi nina mashati.

Dada yako.